Jimbo Lililopandisha Ardhi

Njia ya kwenda Udarini sitaieleza. Nusu yake nililala, na nusu nyingine ilikuwa vumbi. Nitaanza pale nilipofika.

Udarini ni nchi tambarare kama sinia. Haina mlima, haina kilima, na kichuguu kikizidi urefu wa goti huvunjwa kwa amri. Nilikwenda huko kwa kazi. Mimi ni msusi. Niliacha shule nikiwa darasa la tano, na tangu hapo nimekuwa nikishika vichwa vya watu. Mama mmoja wa jimbo la Sesa, Bi Semeni Mlanzi, alikuwa anamwoza binti yake Zamoyoni, akataka msusi wa kutoka nje. Wasusi wa kwao, alivyosema katika barua yake, "wanajua utosi tu, kisogoni wanaacha kichaka."

Sikuielewa kauli hiyo mpaka nilipoingia mjini.

Mapaa ya Sesa ni mazuri kuliko mapaa yote niliyowahi kuona. Yamepakwa rangi, yanafagiliwa kila asubuhi, na mengine yamechorwa maua. Chini ya mapaa hayo kuta zina nyufa za kupitisha mkono, na nyumba nyingine hazina kuta kabisa, zimebaki nguzo nne na paa la kijani linalong'aa. Shule ya mji ilikuwa na paa la buluu, na mbuzi walikuwa wakipita katikati ya madawati bila kuhitaji mlango. Sokoni wanawake walijipaka mafuta utosini mpaka pakawa kama kioo, lakini nyuso zao zilikuwa na vumbi kama za watu wengine wote.

"Mbona hivi?" nilimwuliza Bi Semeni.

"Kwa sababu ya yule," akasema, akaelekeza kidole juu.

Katikati ya uwanja kilisimama kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, chenye mto na mgongo wa kuegemea, ila miguu yake minne ilikuwa mirefu kuliko nyumba mbili zilizobebana. Juu yake, chini ya mwavuli, alikaa mtu mdogo kama ndege. Huyo ndiye Mheshimiwa Kondo Mlanzi, Mkuu wa Jimbo la Sesa. Bi Semeni ni dada yake mkubwa, baba mmoja, mama mmoja.

Sheria ya Udarini iko hivi. Kwa kuwa nchi haina mwinuko, wahenga wao waliona vigumu kumtambua kiongozi kati ya watu, wakaamua awe juu. Akichaguliwa hupandishwa kitini, na kila akishinda tena kiti huongezwa pima moja. Namna ya kuongeza miguu ya kiti huku mtu amekikalia ni siri ya serikali. Chakula hupelekwa juu kwa kapu na kamba. Yapo mambo mengine ya huko juu niliyotamani kuyauliza, lakini niliona haya.

Kiongozi haruhusiwi kushuka maadamu ni kiongozi. Akishindwa uchaguzi, miguu ya kiti hukatwa kwa shoka, yote minne kwa mpigo, na aliyekikalia hufika chini kwa njia zake mwenyewe. Ndiyo sababu Udarini haijapata kuwa na kiongozi aliyekubali kushindwa. Nilipoelezwa hayo sikuwalaumu.

Habari za maisha ya Mheshimiwa nilizipata kwa Bi Semeni siku ya kwanza, nikimfumua Zamoyoni nywele. Binti alikuwa wa miaka ishirini na minne, mpole, mwenye tabia ya kujibu swali baada ya kulitafakari mpaka ukalisahau.

"Kondo alikuwa na miguu," alisema mama yake akichambua mchele. "Hapakuwa na mtu wa kutembea kama yeye. Watu wawili wakigombania mpaka wa shamba, hakuwaita ofisini. Alikwenda mwenyewe, akaupima kwa hatua, huku anatafuna muhogo wa huyu na muhogo wa huyu. Hajamaliza kutafuna, ugomvi umekwisha."

"Basi watu wakampenda," nilisema.

"Wakaipenda ile miguu, wakaipa kiti."

Alianza na kigoda, akiwa balozi wa nyumba kumi. Kisha akapewa kiti cha mikono, akawa diwani. Kisha, miaka ishirini na mitano iliyopita, akapewa kiti kirefu. "Alipanda ngazi akicheka," alisema Bi Semeni. "Akaniambia, 'Dada, nikifika nitakuita.' Ngazi wakaiondoa." Alipepeta mchele mara mbili. "Huyu binti amezaliwa mwaka uliofuata. Hawajaonana uso kwa uso mpaka leo."

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kwa mila ya Sesa, bibi harusi lazima awekwe mkono kichwani na mjomba wake, na mjomba aseme jambo moja la kweli juu yake, alilojionea kwa macho yake. Bila hivyo hahesabiwi ameolewa, huhesabiwa ameazimwa, na watu wa mume wanaweza kumrudisha siku yoyote kama chungu. Zamoyoni hakuwa na mjomba mwingine. Harusi yake ilikwisha kuahirishwa mara mbili kungoja uchaguzi, na mara zote mbili Mheshimiwa alishinda.

"Mama hakumpigia kura," alisema Zamoyoni ghafla, akijibu sijui swali gani.

"Mara ya kwanza sikumpigia, nikitaka ashuke," alisema mama. "Nilipokumbuka lile shoka, mara ya pili nikampigia. Mwanangu asiolewe, au ndugu yangu avunjike shingo. Nawe msusi ungefanyaje?"

Nilisema kwamba mimi sijui mambo ya siasa, nikaendelea kufumua.

Mchumba aliitwa Hatibu, kijana wa jimbo la jirani, fundi wa kujenga kuta, kazi isiyokuwa na soko kabisa Sesa. Mshenga wake, Mzee Mbega, alikuja jioni hiyo hiyo, akakataa maji, akakataa na kiti.

"Bi Semeni, hii ni mara ya tatu," alisema. "Kijana wetu anaota mvi. Ijumaa ya wiki ijayo, jua likiwa utosini, mkono wa mjomba uwe kichwani. Usipokuwapo, posa tunaichukua. Kuna binti mmoja kwetu ana wajomba saba, na wote wako chini."

"Wajomba saba ni mzigo, Mzee Mbega."

"Lakini wanafikika."

Asubuhi tulikwenda uwanjani kumpelekea Mheshimiwa ujumbe. Maneno hayapelekwi juu hivi hivi. Kwenye mguu mmoja wa kiti vimepigiliwa vibao vitatu, kimoja juu ya kingine, na kwenye kila kibao hukaa ofisa aitwaye Sikio. Sikio la Kwanza hupokea neno kutoka chini, humpa Sikio la Pili, naye humpa Sikio la Tatu, Bwana Ubwa, ambaye ndiye humwambia Mheshimiwa. Kanuni yao ni moja: neno likipanda ngazi moja lipunguzwe uchungu, lisije likamtia kiongozi kizunguzungu.

"Mwambieni Kondo," alisema Bi Semeni, "mwanangu ataachwa Ijumaa ijayo. Atafute namna ya kumwekea mkono, na kama ana aibu, aione."

Sikio la Kwanza alitikisa kichwa kwa heshima, akainua uso. "Dada wa Mheshimiwa anasema binti yake ana shughuli Ijumaa, angependa mkono wa Mheshimiwa."

Wa Pili akasema, "Dada wa Mheshimiwa anasalimu. Ijumaa kuna shughuli."

Bwana Ubwa akamwinamia Mheshimiwa. "Mheshimiwa, jimbo lina furaha."

Kule juu ule mwili mdogo ulisogea, mkono ukapunga. Jibu nalo likaanza kushuka, na likishuka huongezwa utamu. Mheshimiwa, nilivyokuja kuambiwa, alikuwa amesema, "Vizuri." Bwana Ubwa alisema, "Mheshimiwa amefurahi sana." Wa Pili alisema, "Mheshimiwa amefurahi na anawapongeza wote." Wa Kwanza alitugeukia, akakohoa. "Mheshimiwa amelipokea ombi lenu kwa uzito, ameunda kamati, na ameagiza paa lenu lipakwe rangi."

"Nimeomba mkono," alisema Bi Semeni.

"Rangi itapakwa kwa mkono, mama."

Bi Semeni hakuwa mtu wa kurudi nyumbani na rangi. Alikwenda moja kwa moja kwenye baraza la jimbo, nami nyuma yake. Madiwani wa Sesa hukalia mito, na kila aliyechaguliwa tena huongezewa mto mmoja, hivyo wazoefu walikuwa wakiyumba kidogo. Shauri lilichukua siku mbili, nami nitaeleza yaliyonibaki kichwani.

Diwani wa kwanza alishauri kiti kipunguzwe kwa siku moja tu. Baraza lilizomea. "Kupunguza maendeleo!" walipiga kelele. Mwingine alishauri mkono wa Mheshimiwa uchorwe kwenye karatasi na kushushwa kwa kapu. Hilo lilikaribia kupita, ila Mzee Mbega, aliyekuwa amekaa mlangoni, alisema kwamba yeye hawezi kumpelekea kijana wake mke aliyewekewa karatasi.

"Basi apandishwe bibi harusi," alisema wa tatu. "Si wamezoea kuvuta kapu?"

Katibu wa Jimbo, Bwana Mwinchande, alikuwa mtu mkavu aliyebeba kitabu cha sheria kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Alikifungua. "Atakayefika usawa wa kiongozi, huyo ni kiongozi," alisoma. "Tutakuwa na wakuu wawili, na mmoja amesukwa nusu."

Hapo waliniona mimi. Spika aliuliza kama mgeni ana la kusema, na kwetu viongozi hukaa juu kiasi gani. Nilitamani sakafu inimeze. Nikasema, kwetu hukaa kwenye viti vya kawaida.

Baraza zima lilicheka, na mto mmoja ulianguka. "Sasa mnamjuaje kiongozi?"

"Kwa vumbi," nilisema. "Magari yake yakipita sisi hubaki na vumbi."

Waliangaliana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. "Kila nchi na utaratibu wake," alisema Spika, akaagiza jibu langu liandikwe.

Siku ya pili, mchana, wakiwa wamerudi kwenye hoja ya karatasi kwa mara ya nne, diwani mmoja mnene aitwaye Bi Mkejina, ambaye alikuwa akisinzia tangu jana yake, alifumbua jicho moja.

"Mtu haruhusiwi kushuka. Binti haruhusiwi kupanda. Basi pandisheni ardhi, tukale," alisema, akalifumba tena.

Alikuwa anawadhihaki. Nilimwona mdomo ulivyopinda. Lakini baraza lilitulia kama watu waliosikia adhana. Katibu Mwinchande alifungua kitabu ukurasa baada ya ukurasa, akilowesha kidole. Alipofika mwisho alikifunga polepole.

"Ardhi haikutajwa," alisema.

Walipiga makofi mpaka Bi Mkejina akaamka kabisa.

Kazi ilianza kesho yake, na sijaona watu wakifanya kazi kwa moyo namna ile. Jimbo zima lilitoka na majembe, karai, ndoo na mikeka ya kubebea udongo. Walichimba barabarani, wakachimba mashambani, wakachimba mbele ya milango yao, wakamwaga udongo chini ya kiti na kuushindilia kwa miguu huku wakiimba. Walijenga mteremko upande mmoja ili wabebaji wapande. Hatibu alikuja na mafundi wenzake kutoka jimbo lake kushikilia kingo zisiporomoke, na watu wa Sesa wakaja kumtazama akipanga mawe.

"Hicho unachojenga kinaitwaje?" mama mmoja alimwuliza.

"Ukuta, mama."

"Ala! Sisi tulikuwa tunasikia tu."

Bi Semeni hakubeba hata kiganja cha udongo. "Mimi ni mkubwa wake," alisema. "Mkubwa hapandi kumfuata mdogo. Nitapika." Na kweli, alianza kukusanya vyungu.

Siku ya tatu udongo ulifikia kibao cha Sikio la Kwanza. Ofisa huyo alikaa mpaka ukamfika magotini, kisha akainuka, akajipangusa suruali, akaondoka bila kumuaga mtu yeyote. Siku ya tano Sikio la Pili naye alifukiwa kibao. Sasa alibaki Bwana Ubwa peke yake, na hapo watu walianza kugundua jambo ambalo halikuwa kwenye mipango. Neno lilikuwa linapanda ngazi moja tu, na uchungu mwingi ulikuwa unabaki ndani yake.

"Bwana Ubwa!" aliita mbebaji mmoja siku ya saba, jasho linamtiririka. "Mwambie udongo mzuri umekwisha. Tunachimba vyooni sasa."

Bwana Ubwa alimgeukia Mheshimiwa. "Mheshimiwa, wananchi wanasema udongo upo wa kila aina."

"Ubwa," ikasema sauti kutoka juu, kavu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Nimesikia."

Watu wote walisimama na karai zao vichwani. Wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti ile. Bwana Ubwa alijaribu kutabasamu, tabasamu halikumtii.

"Vyooni?" iliuliza sauti.

"Vyooni, Mheshimiwa," alijibu mbebaji.

"Poleni."

Mzee mmoja aliketi chini akalia. Miaka ishirini na mitano, alisema, na hilo ni neno la kwanza lililoshuka kwa ukubwa wake halisi.

Ijumaa ilifika. Nilimaliza kumsuka Zamoyoni alfajiri, mtindo wa twende kilioni, utosi na kisogo, na nilipomshikia kioo alijitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Tulipofika uwanjani kilima kilikuwa kimekaribia kiti, lakini hakikukifikia. Kati ya udongo na nyayo za Mheshimiwa palikuwa na nafasi ya mkono mmoja. Udongo ulikuwa umekwisha. Watu walikuwa wamelala juu ya majembe yao. Mzee Mbega alisimama chini ya kilima, ametandaza kiganja juu ya kipaji cha uso, akipima jua.

"Limebaki kidogo," alisema. "Nami sina ubaya na mtu."

Zamoyoni alipanda. Alitangulia, na mimi nyuma yake nikishika upindo wa nguo yake. Kule juu nilimwona Mheshimiwa kwa karibu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho ya kutazama mbali. Miguu yake ilikuwa imekunjwa juu ya mto, myembamba kama ya korongo. Katibu Mwinchande alikuwa amesimama kando na kitabu.

"Hapafiki," alisema Katibu. "Nasikitika. Ardhi isipogusa nyayo zako, basi ni binti aliyepanda, na kushuka ni marufuku."

Mheshimiwa aliutazama udongo. "Kunyoosha miguu?"

Katibu alifungua kitabu, akakifunga. "Kunyoosha hakukutajwa."

Basi Mheshimiwa Kondo Mlanzi alikunjua miguu yake. Ililia kama bawaba. Kidole gumba kilishuka, kikatafuta, kikagusa udongo, kikarudi juu kama kilichoungua, kikagusa tena. Chini watu walipiga kelele ambayo sijaisikia tena.

Zamoyoni alipiga magoti. Mheshimiwa alimtazama usoni, na nikaona wazi kwamba hamjui.

"Sema ni nguzo ya maendeleo," alinong'ona Bwana Ubwa.

"Ubwa, nenda ukale." Kisha, kwa haya, akamwambia binti, "Mwanangu, nisamehe. Nyuso sizijui. Inamisha kichwa."

Aliinama. Mheshimiwa akauangalia utosi ule nilioushughulikia usiku na mchana, na uso wake wote ukabadilika, kama mtu aliyeona mlango wa kwao.

"Aa! Wewe!" alisema. "Wewe mwenye kovu, hapa nyuma ya utosi, kama mwezi mchanga." Mimi niliyemsuka nilijua kovu lipo, maana nililizunguka kwa kitana. "Siku za sherehe husimama mwisho wa mstari wa tatu. Watu wote hupiga makofi, wewe hupigi. Kila mwaka nilijiuliza, yule mwenye kovu ana nini na mimi?"

"Nilikuwa nangoja uniangalie, mjomba," alisema Zamoyoni, na safari hii hakukawia kujibu.

"Nilikuwa nakuangalia wewe tu. Ni wewe hukuinua uso."

"Jua lilikuwa linanichoma macho."

Mheshimiwa alicheka, kisha akaligusa kovu. "Ulipatwa na nini?"

"Paa la shule liliniangukia nikiwa darasa la tatu."

"Paa lipi? Lile la buluu?" Alishangaa kweli. "Mbona ni zuri sana lile."

"Kwa juu ni zuri, mjomba."

 Mkono wake ulikuwa bado kichwani pa binti, na aliuacha hapo. Aliutazama mji, mapaa yote yale yanayong'aa, kwa muda ambao Mzee Mbega alimaliza kuhesabu jua lake na kuanza kukohoa.

"Huyu hapigi makofi pasipo na sababu," alisema Mheshimiwa kwa sauti. "Nimejionea mwenyewe, miaka yote. Atakayemwoa asitegemee kusifiwa bure."

"Posa hatuichukui!" alipaza sauti Mzee Mbega, na vigelegele vikapanda kilima kabla hatujashuka.

Ndipo harufu ya pilau ilipotufikia. Mheshimiwa aliinusa, pua ikacheza. Aliweka mikono kwenye mikono ya kiti, akasimama. Alisimama kama ndama, akashika bega la Zamoyoni.

"Mheshimiwa!" Katibu alipiga kelele. "Kushuka ni kushindwa!"

"Sishuki, Mwinchande. Hii si ardhi ya jimbo?"

"Ni ardhi ya jimbo."

"Basi natembea juu yake."

Katibu alikaa kwenye udongo akatafuta ukurasa. Mwisho alitoa kalamu, akaandika kwa herufi kubwa kwamba Mheshimiwa yuko ziarani.

Alishuka ule mteremko hatua moja moja, na kila baada ya hatua chache miguu ilikuwa inakumbuka kazi yake. Watu walijipanga pande mbili. Hakumjua hata mmoja. Lakini habari za kovu zilikuwa zimekwisha kuenea, na yeyote aliyefikiwa alijiinamisha mwenyewe.

"Wewe ni yule wa upara wa duara! Mbona umenenepa?"

"Nilikuwa hivi hivi, Mheshimiwa. Huko ulikuwa unaona upara tu."

"Na wewe kofia iliyotoboka. Miaka kumi hujaishona?"

"Nilifikiri huioni."

"Naiona kila siku. Nilisema upewe nyingine."

"Nililetewa rangi ya paa," alisema mwenye kofia, na watu wakaangua kicheko, Mheshimiwa akacheka nao, ingawa alichelewa kidogo kuanza.

Chini ya kilima, kwenye majiko, Bi Semeni alikuwa anakoroga chungu kikubwa. Aliwaona wakija. Hakusogea. Mheshimiwa alitazama huku na huku kati ya wapishi, akamwendea yule aliyekuwa karibu zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Bi Semeni, kwa kuwa kwa vyovyote ilikuwa haki yake.

"Namtafuta dada yangu. Anaitwa Semeni. Nimeambiwa yuko jikoni."

Wapishi waliacha kukoroga. Zamoyoni alifungua mdomo, mama yake akamkataza kwa jicho.

"Samahani, mama," alisema Mheshimiwa. "Macho yangu hayajazoea nyuso. Inamisha kichwa, pengine nitakutambua."

Siku zote nilizokaa kwake, sikuwahi kumwona Bi Semeni bila khanga kichwani, hata kwangu mimi msusi. Aliweka mwiko juu ya mfuniko. Alifungua khanga, akaishika mkononi, akainama mbele ya mdogo wake.

Kondo aliutazama utosi ule kwa muda mrefu. Aligeuza kichwa upande huu, akageuza upande ule.

"Kichwa hiki sikijui," alisema.

"Ulipopanda kilikuwa cheusi, Kondo."

Alikaa chini. Mkeka ulikuwa umetandikwa hatua mbili tu kutoka pale, lakini hakuufikia. Alikaa kwenye majivu, kando ya mafiga, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, na Bi Semeni aliyesimama na khanga yake mkononi alikuwa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mitano, anamtazama mdogo wake kwa kuangalia chini.